Winchi Iliyofungwa Mbele

Winchi ile ilitoka kwenye tishari. Miaka ile ya hamsini meli kubwa zilipofika Tanga zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, vyombo bapa vya chuma visivyo na umbo wala haya. Tishari moja lilichakaa, likavutwa pwani, likakatwa vipande. Mume wangu aliwahi kufanya kazi humo kabla hajawa fundi wa magari. Akawaomba waliolikata winchi yake, wakampa. Akaileta nyumbani Ngamiani juu ya mkokoteni, ina kutu na harufu ya mwani, akaitua uani karibu na jiko langu.

Nikamuuliza, "Hiyo itakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka ipate pa kukaa."

"Hapo ilipokaa ni pangu."

"Basi mkaribishe mgeni," akasema, akaenda kuoga.

Niieleze, kwa sababu bila kuijua winchi hutanielewa. Ilikuwa pipa dogo la chuma lililozungushiwa waya mnene kama kidole gumba. Ubavuni ina magurudumu mawili ya meno na mpini wa kuzungushia kwa mikono. Juu ya meno kuna kijichuma kama ulimi. Ukizungusha mpini, ulimi ule unapanda jino na kuanguka, unapanda na kuanguka, ili waya uliokwisha kuvutwa usirudi. Unalia tak, tak, tak. Mwisho wa waya kuna kulabu kubwa kuliko kiganja changu.

Mlio ule ninao mpaka leo. Mimi si mtu wa mashetani. Sijachezewa ngoma, sijafukizwa, na hirizi ya mwisho niliivua kabla sijaolewa. Nasema nilichosikia.

Nyumba yetu ilikuwa na ua mpana upande wa barabara, na katika ua banda la makuti ambamo mume wangu alitengeneza magari ya watu. Gari moja lilikuwa kama la nyumbani, landrova ya mzee mmoja mwenye shamba la minazi Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Mzee huyo asili yake Omani, lakini babu yake kazikwa Pangani na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Mume wangu alikuwa fundi wake na dereva wake pia. Masika yaliyopita gari lilizama kwenye kijito kinachokata shamba lile, wakalala huko siku mbili mpaka ng'ombe walipopatikana. Mzee akaapa kwamba hatavutwa na ng'ombe tena. Ndipo ikaja habari ya winchi.

Siku walipozungumza pa kuifunga, mzee alikalia kiti chetu cha pekee chenye mgongo, ana kikombe cha kahawa. Mume wangu alichutama kando ya gari ana chaki mkononi. Mimi nilikuwa jikoni nasonga bada, ugali wa muhogo, nawasikia.

"Pa kuiweka ni patatu," mume wangu akasema. "Katikati ya gari, huku mnakopakia, waya ukatoka mbele au nyuma upendavyo. Hapo ndipo pazuri kuliko pote."

"Katikati ni pa magunia ya mbata," mzee akasema. "Ukiweka chuma chako hapo, mbata nizipakate kama mtoto?"

"Basi nyuma."

"Nyuma nitaonekana nina mkia."

"Mkia una kazi, mzee. Muulize ng'ombe."

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. "Ng'ombe usinitajie. Haya, wewe ndiye fundi. Utakapoifunga ndipo nitakapoikuta. Ila katikati, hapana."

Akaenda zake. Mume wangu akachora kwa chaki nyuma ya gari, kwenye chuma cha chini, alama nne. Akachukua keekee yake ya mkono akaanza kutoboa. Alipokuja kula mchana alikuwa ameshatoboa matundu mawili. Mikono yake ilinuka mafuta hata baada ya kunawa.

Nikamuuliza kwa nini nyuma. Sikuwa na kazi na winchi, niliuliza tu, kama mke anavyouliza.

"Kwa sababu gari linazama mbele," akasema. "Unakokwenda hukujui. Ulikotoka unakujua, maana ardhi imekwisha kukubeba hapo sasa hivi. Nikizama, natafuta mti nyuma yangu, najivuta, narudi nilikotoka, natafuta njia nyingine."

"Unarudi."

"Narudi. Kwani kurudi vibaya?"

Hapo ndipo nilipoweka chini tonge langu.

Mimi nimezaliwa Mtang'ata, kusini ya mji, na kwetu msafiri akishavuka kizingiti haitwi. Akisahau kofia, kofia itabaki. Akisahau pesa, atakopa huko. Hapigiwi kelele, hafuatwi, wala uwanja haufagiwi mpaka awe amepotea machoni. Kumwita msafiri ni kumkatia njia aliyokwisha kuishika. Nilikuwa msichana mdogo mama yangu alipomwita baba. Baba alikuwa amefika kwenye uzio, anakwenda kulima kwa watu, mama akakiona kisanduku chake cha tumbaku juu ya kitanda. Akamwita. Baba akageuka, akakasirika, akakichukua, akaenda. Siku ya nne akaletwa juu ya kitanda, ana homa. Hakutamka neno lingine mpaka akafa. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na kila mtu kijijini alijua ni yeye aliyeita. Hawakumsema. Walijua tu, naye alijua kwamba wanajua.

Nikamwambia mume wangu, "Gari hilo litatoka hapa kila safari limebeba kamba ya kulirudisha. Hujafika unakokwenda, umekwisha kujiita nyuma."

Akacheka. "Winchi haijui kuita, bibi wee."

"Na kisanduku cha tumbaku kilijua?"

Hakucheka tena. Habari ya baba aliijua. Akasema taratibu, kama anayemfundisha mtu, "Chuma hakina mwiko. Chuma kina uzito na kina nguvu, basi."

"Ukiifunga nyuma," nikasema, "usiniage."

Neno hilo nimelisema mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona ninajua. Nikamnyamazia siku tatu. Nilimpikia, nilimtengea maji, sikumsemesha. Mtu asiyewahi kunyamaziwa na mwanamke ndani ya nyumba ya vyumba viwili hajui ule ni mzigo gani. Siku ya tatu nikasikia keekee inalia upande mwingine wa gari. Jioni akaniita.

"Njoo uone. Ipo mbele. Umeridhika?"

Winchi ilikuwa imekaa juu ya bampa, boliti nne, imetazama mlango wangu. Yale matundu mawili ya nyuma alikuwa ameyaziba kwa grisi.

"Nimeridhika," nikasema.

Mzee alipokuja kuchukua gari, nilimsikia mume wangu akimwambia mbele ndiko bora. Dereva anaiona, waya hausuguani na magunia, mtu havuti asichokiona. Aliyapanga vizuri. Fundi hawezi kumwambia tajiri kwamba amehamisha kazi kwa sababu mkewe amesema neno jikoni. Mzee akaitikia, "Wewe ndiye fundi." Na mimi nikafurahi, nisifiche. Masika ya mwaka ule winchi iliwavuta mara mbili kwenye njia ya Pangani, na kila mara mume wangu akirudi nilimtazama usoni bila kusema, naye akasema, "Najua, najua."

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, akatoka kwenda kumchukua mzee wavuke pantoni waende Mwera. Mvua ilikuwa imeanua kidogo. Akaniaga mlangoni. Akapanda gari, akaliwasha, akalitoa uani. Nikageuka kurudi ndani, na nilipopita bandani nikauona mnyororo wake.

Mnyororo ule aliutumia kuongezea waya, waya ukiwa mfupi. Siku zote aliubeba chini ya kiti. Alikuwa ameutoa kuupaka mafuta, akausahau juu ya gunia. Gari lilikuwa bado linanguruma pale kwenye pembe ya barabara, linangoja mkokoteni upite. Sauti yangu ingefika. Nilisimama na mkono mmoja kwenye nguzo ya banda, na mdomo nimeufumba. Mkokoteni ukapita. Gari likaenda.

Sikuita. Nikachukua ufagio, nikangoja kwanza mlio wa gari upotee, kisha nikafagia uwanja.

Waliniletea mume wangu kesho yake adhuhuri, ndani ya lori la mbata.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Kwetu mwanamke aliye katika eda huitwa kizuka. Hatoki, hajipaki mafuta mazuri, hajitazami kioo, sauti yake haisikiki na wanaume. Mavyaa wangu, mama yake marehemu, alihamia kwangu kunikalisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache. Mwanawe mwanamume alikuwa mmoja tu. Tulilala chumba kimoja, yeye kitandani, mimi mkekani.

Siku ya nane wakaleta landrova. Mzee hakutaka kulipanda tena na hakujua pengine pa kuliweka, basi akaamuru lirudishwe pale lilipokuwa likikaa siku zote. Dereva nisiyemjua akaliingiza bandani, akatoka bila kutusalimu. Dirisha la chumba changu lilitazama banda. Winchi ilikuwa mbele. Kwa hiyo siku zote zile, nikifungua dirisha nilikuwa naitazama, nayo inanitazama. Tope la Mwera lilikaukia juu yake. Kwenye kulabu kulikuwa na nyuzi za mizizi ya mnazi, nyekundu kama nywele zilizotiwa hina.

Ya Mwera niliyajua mzee alipokuja kutoa taazia. Alikaa ukumbini, akazungumza na mavyaa, mimi nimo chumbani nyuma ya pazia. Hakuwa yule mzee wa kumwaga kahawa.

"Mwanangu," alimwambia mavyaa, ingawa walikuwa karibu umri mmoja, "nitakueleza nilivyoona, usije ukaelezwa na watu."

"Nieleze."

"Tulizama katikati ya kijito. Maji yakaanza kupanda, mvua imenyesha bara. Nyuma yetu juu ya kilima kuna mkwaju, mkubwa, hata watu ishirini hawautikisi. Aliutazama mkwaju ule. Akajaribu kuupitisha waya chini ya gari kwa nyuma, ukakwama kwenye machuma. Mbele, ng'ambo, kuna mkuyu mzuri, lakini waya haukufika. Ulipungua kama hatua tano. Akatafuta kitu chini ya kiti, hakukiona."

Pazia lilikuwa karibu na uso wangu, na nilikuwa nimelishika.

"Ukabaki mnazi. Upo kando ya maji, ndio uliokuwa karibu. Akaniambia, mzee, shika usukani, mimi nazungusha. Akasimama mbele ya bampa, ameinama, anazungusha mpini. Gari likasogea kidogo. Mimi nikauona mnazi unainama. Maji yalikuwa yameshaufukua mizizi na sisi hatukujua. Nikamwita. Ule mlio wa winchi ukanishinda. Hakunisikia, mnazi ukamwangukia."

Mavyaa akasogeza punje moja ya tasbihi.

"Kabla hajaanza kuzungusha," mzee akasema, "alitazama nyuma kwenye mkwaju, akatabasamu. Akasema, 'Leo ningekuwa nimesharudi.' Sikumwelewa. Mpaka sasa sielewi alikuwa na maana gani."

Mimi nilielewa.

Basi ule mlio. Ulikuja wiki ya tatu, alasiri, wakati mavyaa anasali. Tak. Mmoja tu. Nikafikiri ni mjusi. Kesho yake alasiri, tak. Siku nyingine mara mbili. Nikafungua dirisha, nikaitazama winchi, haikuwa na mtu. Watoto wa mtaani walikuwa hawaingii tena uani kwetu, mama zao wamewakataza. Nikaanza kuweka alama. Kulabu ilikuwa inaning'inia usawa wa taa ya gari. Baada ya siku kumi ilikuwa imeshuka shubiri moja chini ya taa.

Nikajua ni nini. Sikuwa mke wa fundi bure. Ulimi ulikuwa umelegea, na uzito wa kulabu ulikuwa unavuta waya, jino moja, kisha jino jingine. Joto la mchana linalegeza chuma, alasiri kinateleza. Ndivyo ilivyo. Nilijua, na kujua hakukunisaidia. Kila ulipolia nilimwona ameinama. Nilimwona anapapasa chini ya kiti, mkono wake unatafuta, haupati, unatafuta tena. Mnyororo ulikuwa bado juu ya gunia, hatua mbili kutoka kwenye gari. Na yeye nilimjua, hakuwa mtu wa kukata tamaa mara moja. Atakuwa alipapasa mara nyingi.

Siku moja mavyaa naye akausikia. Akainua uso kutoka kwenye msala.

"Nini hicho?"

"Winchi, mavyaa. Inalegea."

Akangoja. Ukalia tena. Akasema, "Anafanya kazi," akaendelea na tasbihi yake. Sikumuuliza nani.

Ningelibeba hilo hivyo hivyo, peke yangu, mpaka leo. Nilikuwa nimeamua. Lakini mavyaa alikuwa akienda sokoni kwa ajili yangu, na siku moja akarudi na kapu tupu. Akakaa kwenye kizingiti, akavua buibui lake, akalikunja mara nne.

"Hukupata samaki, mavyaa?"

"Sikufika kwa wauza samaki. Nimepita kwa wauza kahawa. Wamekaa mafundi pale. Mmoja akasema, tena anajua ninasikia, 'Fundi wa Kiswahili huyo, kafa kwa kutojua mbele na nyuma.' Wakacheka."

Nikalichukua kapu, nikalitundika.

"Nimezaa mtoto asiyejua mbele na nyuma," akasema. "Mimi nilidhani ni fundi."

Huko ndiko neno langu lilikofika. Nilidhani limemuua tu, kumbe lilikuwa bado linatembea. Kila fundi Ngamiani alijua winchi ya kuvukia maji inafaa ifungwe nyuma, na kila mmoja aliona imefungwa mbele, na aliyeifunga ni marehemu. Maiti hajibu. Alikuwa amelala kaburini amebeba kosa langu, na amelibeba kwa hiari, kama alivyolibeba mbele ya mzee siku ile. Na mama yake alikuwa anarudi na kapu tupu.

Hata hivyo sikusema. Nilikula, nililala, nilisali, sikusema. Watu husema hofu ni ya waongo. Nami sikuwa nimesema uongo hata mmoja.

Zilipobaki siku tisa eda yangu iishe, mzee akaja na fundi mwingine walichukue gari. Ilikuwa asubuhi. Mavyaa alikuwa mlangoni anapeta mchele, mimi chumbani, dirisha limerudishiwa nusu. Fundi yule akalizunguka gari, akapiga tairi teke, akafika mbele, akaguna.

"Mungu amrehemu," akasema, "lakini aliyeifunga hii hapa hakuijua kazi."

"Alikuwa fundi," mzee akasema.

"Wa baiskeli labda. Mzee, shamba lako lina kijito. Hata mwanagenzi ataifunga nyuma. Huyu alifikiri gari ni ng'ombe, pembe ziwe mbele."

Mlio wa ungo ukakoma. Sikumwona mavyaa kutoka nilipokuwa, lakini nilisikia mchele umetulia.

Nikasukuma dirisha.

"Alitaka kuifunga nyuma," nikasema.

Wanaume wale wawili waliruka kama wamesikia kaburi limesema. Mavyaa akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Uko eda."

"Najua niko eda. We fundi, piga magoti nyuma ya gari. Tazama chuma cha chini. Kuna matundu mawili yamezibwa kwa grisi. Futa uone."

Akamtazama mzee. Mzee akamwashiria. Akaenda nyuma, akapiga magoti, nikasikia kitambaa kinasugua chuma.

"Yapo," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Mawili. Yamepigwa sawasawa."

"Alikuwa atoboe manne. Alama za chaki alizichora siku ile ile mzee alipoondoka. Nikamkataza mimi. Nikamwambia akiifunga nyuma asiniage. Nikamnyamazia siku tatu mpaka akaihamisha. Yeye alijua pa kuifunga tangu mwanzo. Asiyejua ni mimi."

Mzee alikuwa amevua kofia, anaishika kwa mikono miwili. "Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemwonaje fundi anayeamrishwa na mkewe?"

Mzee akakaa juu ya bampa ya gari lile lile, kando ya winchi, kama mtu aliyechoka. Baadaye nikamsikia anasema peke yake, "Leo ningekuwa nimesharudi." Akalirudia. Akasema, "Na mimi nilimkatalia katikati, kwa ajili ya magunia." Nikaona kwamba yeye naye alikuwa na lake. Sikumwondolea. Kila mtu na lake.

Nikarudisha dirisha. Habari ya mnyororo sikuisema. Mnyororo niliuondoa bandani eda ilipokwisha, nikauzika chini ya jiwe la kufulia, na sikumwambia mtu, si mavyaa, si mume niliyeolewa naye baadaye, si watoto. Nimeiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Mavyaa alipeta mchele mpaka ukaisha. Tukala. Akasali adhuhuri, akasali alasiri, hakunitazama. Magharibi ilipokaribia akasema, "Matundu yalikuwa mawili?"

"Mawili, mavyaa."

"Basi alianza."

"Alianza."

Kesho yake mavyaa akavaa buibui akaenda kwa wauza kahawa. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa na wengi. Alisimama mbele ya mafundi wale akawaambia kwamba mwanawe alijua mbele na nyuma, na aliyemgeuza ni mkewe, na asiyeamini akatazame matundu. Kisha akanunua samaki, akarudi, akanipa nipae magamba. Kuanzia siku ile waliocheka walinicheka mimi. Ilikuwa haki yangu, nami sikuikwepa. Hata leo nikikutana na wazee wa mtaa ule kuna wanaonitazama kwanza miguuni.

Fundi yule aliihamisha winchi nyuma. Alitumia matundu mawili ya mume wangu, akaongeza mawili yake. Ulimi akautia springi mpya, ukashika. Gari likarudi barabarani, na miaka mingi niliona likipita Ngamiani, mbele kwenye bampa lina matundu manne matupu. Lakini mlio haukwenda nalo. Alasiri, nikiwa naosha vyombo au nashona, unakuja. Mmoja. Nangoja wa pili.

Eda ilipokwisha mavyaa akafunga mzigo wake. Alikuwa na binti ameolewa Horohoro, akasema atakwenda kukaa naye. Hakusema siku ngapi, wala hakusema kwamba atarudi kwangu. Hakuwa na sababu ya kurudi. Mimi sikuwa na mtoto wa mwanawe, nilikuwa na matundu tu. Nikamtolea mzigo mpaka mlangoni, akaniaga kwa mkono kama mgeni, akavuka kizingiti.

Nilimtazama mgongo. Alitembea upesi, buibui linapepea, akapita bandani mahali gari lilipokuwa. Alikuwa amefika pale pale kwenye pembe ya barabara. Mdomo ulikuwa mzito. Nilimwona baba kwenye uzio. Nilimwona yule mwingine, gari linanguruma, linangoja mkokoteni.

"Mavyaa," nikaita.

Akasimama. Hakugeuka. Alikuwa mtu wa pwani kama mimi, alijua nimefanya nini. Majirani wawili waliokuwa wanasuka ukili barazani wakaacha kusuka. Akasimama hivyo muda mrefu, mzigo kichwani. Kisha akageuka, akarudi hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya dirisha.

"Nimesahau nini?"

"Hujasahau kitu. Nimekuita tu."

Akautua mzigo, akakaa juu ya kizingiti.

"Haya," akasema. "Nimerudi. Nipe maji."

Nikampa maji. Akanywa, akafuta mdomo, akajitwika mzigo wake, akaenda Horohoro. Alikaa siku kumi na mbili, kisha akaja kukaa nami mpaka alipokufa.